Namba Saba Imefifia kwa Asilimia Nne

Jumanne, 4 Machi

Namba Saba imefifia kwa asilimia nne. Habari hii imetolewa leo saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kantini, na mimi mwenyewe. Mashahidi: mafundi wawili, dereva, na shemeji yangu.

Sikupanga kusema. Shemeji ndiye aliyeanza. Alisema, huku akimenya yai, kwamba amepitia vipimo vya zamani na Namba Saba haijabadilika hata chembe. Alisema kwa utulivu. Utulivu wa shemeji siuwezi. Nikausikia mdomo wangu ukitaja asilimia nne.

Si uongo. Nilipima Ijumaa. Mara moja. Nikapata tatu nukta nane. Nimeinyoosha kidogo tu.

Maelezo, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Tunapima mawimbi ya redio yanayotoka angani, kwa sahani ya chuma yenye upana wa mita thelathini na mbili. Vitu vya angani havina lebo ya mwangaza. Kwa hiyo tunavyo vyanzo kumi na viwili vya kulinganishia, vyenye mwangaza uliokubaliwa na kuandikwa kwenye Jedwali. Kabla ya kupima chochote unaielekeza sahani kwenye kimojawapo na kuiambia mashine: hiki ni kiasi hiki, jirekebishe. Namba Saba ni masalio ya nyota iliyolipuka zamani, na ndiyo tunayoitumia kuliko zote. Jedwali linasema ni janski 50.00, janski ikiwa ndiyo kilo yetu ya mwangaza. Jedwali likikosea, sote tunakosea, kwa pamoja na kwa adabu.

Jedwali lina mwenyewe. Tunamwita Mama Jedwali. Miaka ishirini na miwili, kosa hakuna. Anastaafu mwisho wa mwezi. Mkurugenzi ametangaza kwamba Namba Saba ipimwe upya, na ripoti itakayokubalika ndiyo itakayoamua nani amrithi. Wagombea wawili: mimi, na shemeji huyohuyo, mume wa mdogo wangu. Mimi nina miaka kumi na minne hapa. Yeye mitano. Mimi ndiye niliyemleta. Mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo!

Tangu saa tatu sijakaa chini. Mke wangu amesema nikipita tena mbele ya televisheni atanitoza kiingilio.

Jumatano, 5 Machi

Pigo la kwanza. Bibi wa ratiba, anayegawa zamu za sahani, amempa shemeji saa sita mchana, Namba Saba ikiwa utosini. Mimi amenipa saa moja asubuhi, inapochungulia juu ya kilima. Nililalamika. Nilitaja miaka kumi na minne. Alijibu bila kuinua macho kwamba huko juu hakuna mjomba.

Zaidi ya hayo, vyanzo hutangulia dakika nne kila siku. Leo saa moja na dakika sita, kesho saa moja na dakika mbili. Hata nyota zinanikimbia.

Nimepima mara tatu. Kwanza niliirekebisha mashine kwa Namba Mbili, iliyo upande wa pili wa anga. Sahani inatumia dakika kumi na moja kugeuka. Dakika kumi na moja za kusimama na kutazama chuma kikizunguka! Nilitembea ukumbini. Ukumbi una vigae thelathini na vinne kwenda, thelathini na vinne kurudi.

Matokeo: 48.2, 47.6, 48.9. Kufifia kupo. Tatizo ni kwamba kila kipimo kina maoni yake. Ripoti inadai vipimo vitano vinavyokubaliana ndani ya nusu asilimia. Mama Jedwali alitazama karatasi yangu, akaniambia mwanangu, hivi vipimo vinacheza ngoma.

Shemeji, bila kuulizwa, alieleza kwamba sahani ikiinama sana hulegea kama godoro la zamani, na hewa ya chini ni nzito, ndiyo maana chanzo kikiwa karibu na upeo huonekana hafifu. Akauliza kama Ijumaa nilipima Namba Saba ikizama. Nilimwambia sikumbuki. Nilipima saa kumi na nusu, ikizama, nikiwahi kwenda nyumbani.

Mezani mke wangu alikuwa na kisa. Yeye ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na mawe yake ya shaba kwenye sanduku. Leo amemkamata muuza nyama mmoja. Jiwe lake la kilo limelika, ni pungufu kwa gramu arobaini. Akaapa kwa wazazi wake wote wawili kwamba ni kilo kamili. Amejuaje? Amelipima. Kwa mzani gani? Kwa mzani wake. Na mzani aliurekebisha kwa jiwe gani? Kwa hilohilo jiwe!

Nimecheka mpaka machozi. Kuna watu wanatembea mjini bila akili kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nina mpango. Ni mzuri mno, nimeshindwa kumaliza chai.

Kwanza, kero. Kompyuta ikiona kipimo kimetofautiana na Jedwali kwa zaidi ya asilimia tatu, inasimama, inaandika kwa rangi nyekundu na kudai maelezo. Jana imenidai mara mbili. Kwa hiyo leo nimeingia kwenye Jedwali na kubadilisha 50.00 kuwa 48. Kwa muda tu. Neno la siri ni la Mama Jedwali. Alinisomea kwa simu mwaka jana alipokuwa amelazwa kwa ajili ya macho. Hajalibadilisha. Mtu asiyekosea miaka ishirini na miwili hawazi mambo ya wezi.

Pili, zile dakika kumi na moja. Kwenye mashine kuna kitufe cha “chanzo cha karibu”. Ukikibonyeza, mashine inajirekebisha kwa chanzo chochote cha Jedwali kilicho jirani, haina haja ya kuzungushwa anga zima. Miaka kumi na minne sijawahi kukitumia. Ujinga ulioje!

Nimepima mara mbili. 48.00. 48.00.

Nilimwita fundi aje ashuhudie. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia hiyo inaitwa mkono mtulivu.

Ijumaa, 7 Machi

48.00. 48.01. 48.00. 48.00.

Jumla sita. Zilihitajika tano. Ripoti imeandikwa, kurasa tatu, na ilikuwa kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi kabla ya saa nne. Mwisho wa kupokea ripoti ni Jumatatu jioni. Mimi siyo mtu wa jioni.

Mkurugenzi alinikuta ukumbini, kwenye kigae cha kumi na tisa, akanishika bega. Alisema ameisoma na hajapata kuona vipimo vinavyokubaliana namna hiyo.

Habari nyingine, nayo ni tamu. Shemeji ana matatizo. Yeye hutumia Namba Saba kuirekebisha mashine, kisha anapima vile vyanzo kumi na kimoja vingine. Leo mchana vyote kumi na kimoja vimetoka hafifu kwa asilimia nne. Vyote! Aliondoka kantini bila kula yai lake. Ameangalia nyaya, ameangalia kipokezi, ameangalia hali ya hewa. Jedwali hakuliangalia. Jedwali haliangaliwi, linaaminiwa. Ndiyo kazi yake.

Alikuja mezani kwangu akanong'ona: shemeji, umewahi kuona anga lote likififia? Nilimwambia huenda ni uchovu. Nikamshauri apumzike. Kwa mfano, mwaka mzima.

Hapo, naandika kwa uaminifu, kitu kilinigusa mgongoni kama tone la maji baridi. Asilimia nne. Asilimia nne. Nikaliacha lipite.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji yuko juu ya sahani tangu asubuhi na spana. Amekuta kiota cha nyigu ndani ya kofia ya kipokezi. Nyigu nao wamemkuta. Jicho la kushoto limefunga.

Mdogo wangu amepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza: kaka, umemfanya nini mume wangu? Mara ya pili: mume wangu amelala na kikokotoo kifuani. Mara ya tatu alikata simu bila kusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimepanga jinsi ofisi ya Mama Jedwali itakavyokaa. Meza dirishani. Kiti cha kuzunguka.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama, chakula cha mchana. Kiti cha shemeji kilikuwa kitupu. Yuko kwenye sahani, jicho moja. Mdogo wangu alinipakulia viazi viwili. Wengine walipata vitano. Mama aliuliza ni nini hasa tunachogombea. Nilieleza. Akasema: kwa hiyo kitu kiko mbali kiasi kwamba hakuna atakayekifikia, hakina faida ya kupika wala ya kufulia, na kwa ajili yake mkwe wangu ameumwa na nyigu. Nikasema mama, ni sayansi. Akasema alidhani ni kiherehere.

Kubadilisha mazungumzo nikataja vipimo vyangu. Sita, na vyote 48.00, ukiondoa kimoja kilichoteleza kidogo.

Mke wangu aliacha kutafuna. Aliuliza: vyote sita? Vyote. Akasema jiwe lake la ofisini, jiwe mama, linalokaa kwenye kabati la kioo na kushikwa kwa glavu, ukilipima mara sita halikupi hivyo. Akauliza mashine niliirekebisha kwa nini. Nikasema kwa chanzo cha karibu. Kipi? Nikasema, basi, kilichokuwa karibu. Karibu na Namba Saba kuna nini? Nikafikiri. Nikasema, kilicho karibu zaidi na Namba Saba ni…

Aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka mama akamletea maji. Alipopata pumzi akasema, baba watoto, nyama kilo moja, usichanganye mifupa.

Sikuelewa. Nikamaliza viazi vyangu viwili. Nilielewa kwenye kona ya nyumbani, nimesimama, watu wakinipita. Niliiambia mashine Namba Saba ni 48. Nikaiambia ijirekebishe kwa Namba Saba. Nikaiuliza Namba Saba ni ngapi. Ikanijibu kwa heshima zote.

Ningeweza kuandika 12. Ningeweza kuandika umri wangu!

Na anga la shemeji halikufifia. Ni mimi niliyelifupishia rula.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango: kufika kabla ya wote, kurudisha 50.00, kuidai ripoti, kukaa kimya hadi kufa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini Jedwali lilikuwa limerudi kama lilivyozaliwa. Pumzi moja. Kisha nikaona chini ya ukurasa kitu nisichowahi kukitazama: orodha ya mabadiliko. Tarehe, saa, jina. Alhamisi 6 Machi, 50.00 kuwa 48. Leo, 48 kuwa 50.00. Jina la aliyebadilisha, mara zote mbili, ni la Mama Jedwali. Orodha haifutiki. Nimejaribu kwa dakika arobaini.

Miaka ishirini na miwili bila kosa. Zimebaki siku ishirini na moja. Na sasa ana mawili, yote yangu.

Ripoti: katibu muhtasi amesema imeshasambazwa kwa wajumbe wa kamati. Nikasema kuna koma nataka kurekebisha. Akasema atawaambia kuhusu koma. Kisha akaongeza, akipiga muhuri barua nyingine, kwamba kesho saa nne kamili mkurugenzi amemwita Mama Jedwali. Faragha. Jambo la Jedwali? Alisema yeye hupanga miadi tu, masikio yake huyaacha nyumbani.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikufikisha hata tano.

Nimetafakari mipango mitatu. Wa kwanza: kusingizia umeme. Umeme hauandiki 48. Wa pili: kusingizia shemeji. Neno la siri hana, na jicho pia hana. Wa tatu: kunyamaza. Huo ndio bora. Mama huyo anastaafu, watamsamehe, watasema ni macho. Nimeufikiria vigae mia mbili na nne. Alipita akanisalimia, akaniuliza mbona miguu haitulii, akanipa peremende ya tangawizi kutoka mkobani.

Peremende hiyo imenikaa kooni mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi

Taarifa rasmi ya tukio, kama nilivyolishuhudia nikiwa mhusika.

Saa nne kamili Mama Jedwali aliingia kwa mkurugenzi. Mlango ukafungwa. Saa nne na dakika tatu nilikuwa kigae cha kumi. Saa nne na dakika sita nilikuwa kigae cha thelathini na nne, ambacho ni mlango wenyewe. Nilikuwa na hotuba. Ilisema kwamba maneno ya siri ya zamani ni hatari, kwamba mtu yeyote angeweza kuingia, kwamba tusimhukumu mtu kwa jina lililoandikwa na mashine. Hotuba nzuri. Haikunitaja popote.

Nikafungua mlango bila kubisha. Wakageuka wote wawili. Nikasema: ni mimi.

Hotuba nzima ikaishia hapo!

Mkurugenzi akauliza ni mimi nini. Nikaeleza. Jedwali, kitufe, neno la siri, rula, muuza nyama. Nilieleza nimesimama, kwa dakika tisa, na hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza niliona kilichokuwa mezani kati yao. Picha za saa za ukutani. Alikuwa amemwita achague zawadi ya kuagwa.

Mkurugenzi hakuwa anajua kitu. Hakuna kamati iliyogundua, hakuna aliyeshtakiwa. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na sufuria nimeleta mwenyewe!

Mkurugenzi alifunga macho. Alisema ripoti yangu imefutwa. Alisema vipimo vyote vilivyofanyika tangu Alhamisi asubuhi hadi jana, thelathini na saba, vitarudiwa, na anayevirudia amesimama mbele yake. Kuhusu nafasi ya kumrithi mama, aliniomba nisiitaje tena ndani ya jengo hili. Nje ya jengo ni hiari yangu.

Ukumbini Mama Jedwali alinisubiri. Alisema aliiona orodha tangu Alhamisi mchana, kwani huisoma kila siku akinywa chai. Alijua ni mimi, kwa sababu yeye huandika nukta na sifuri mbili, na ni mtu mmoja tu kwenye kituo hiki anayeweza kuandika 48 kavu kama anaagiza mayai. Alisema alinipa mpaka leo saa sita mchana nijisemee mwenyewe. Baada ya hapo angesema yeye, na asingesema kwa dakika tisa.

Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha shemeji apande kwenye nyigu. Akajibu kwamba kile kiota amekiomba kiondolewe tangu mwaka juzi.

Nikaenda kwa shemeji. Nilitarajia ngumi. Nilizitaka, kusema kweli. Ningepata cha kulalamikia. Alinisikiliza kwa jicho moja. Kisha akasema kipokezi sasa ni safi, kelele zimepungua, asante shemeji. Kwa utulivu! Akarudi kwenye yai lake.

Ijumaa, 14 Machi

Namba Saba imefifia kwa asilimia sifuri nukta tisa. Habari hii imetolewa leo saa tatu asubuhi na Mama Jedwali, mbele ya wafanyakazi wote.

Alipima yeye na shemeji, kwa siku tatu. Walitumia sanduku la joto, ambalo huwekwa mbele ya kipokezi na joto lake linajulikana kwa hakika. Ndilo jiwe mama letu. Hakuna anayelipenda, kwa sababu kulitayarisha ni siku nzima ya kukaa na kungoja. Namba Saba si 50.00 wala 48. Ni 49.55. Masalio ya ile nyota yanatawanyika na kupoa, polepole, kama anavyofifia mtu aliyezoea kusifiwa. Maneno hayo ni yake, na sijui kwa nini alinitazama mimi.

Mkurugenzi alisimama baada yake. Alisema kwamba kati ya wagombea wawili, mmoja alisema imefifia kwa nne na mwingine alisema haijabadilika, na wote wawili wamekosea. Hakuna atakayekabidhiwa Jedwali. Amemwomba mama aongeze mwaka mmoja. Mama amekubali, kwa sharti kwamba saa ya ukutani apewe vilevile. Neno la siri limebadilishwa.

Nataka ieleweke wazi. Nani alisema imefifia? Mimi. Nani alisema haijabadilika? Shemeji. Kwa upande wa mwelekeo, nilikuwa sahihi mia kwa mia! Nimemweleza hivyo dereva. Nimewaeleza mafundi wote wawili, kila mmoja peke yake. Nilimweleza mke wangu kwa simu. Alikuwa kwenye ukaguzi, akasema ngoja, akawasimulia walio dukani, nikasikia mtu akicheka. Nadhani ni muuza nyama.

Vipimo vya kurudia: thelathini na saba. Nimefanya vinne. Nimevifanya kwa mujibu wa taratibu, kwa dakika kumi na moja za kugeuza sahani, kila mara, kigae kwa kigae.

Saa saba mchana nilikuwa kantini, nimetulia. Nilikuwa nimekaa. Mwaka mmoja ni mfupi, na nafasi itakuwa wazi tena. Shemeji alikuwa upande wa pili wa meza, jicho limeanza kufunguka, akimenya yai. Akasema, hata hakuwa ananiambia mimi, kwamba angalau Namba Mbili haina wasiwasi, ni imara kama mlima.

Namba Mbili imeongezeka kwa asilimia mbili. Habari hii imetolewa leo saa saba na dakika kumi na mbili mchana, kantini, na mimi mwenyewe. Mashahidi: watano. Nimeipima mara moja.

Jedwali siwezi kuliingia tena. Lakini nakala iliyobandikwa ukutani ni ya karatasi, na penseli ninayo. Nimeandika kiasi kipya cha Namba Mbili kwa wepesi, kwa muda tu, na safari hii nimeweka nukta na sifuri mbili.

Bibi wa ratiba amenipa zamu. Jumatatu, 17 Machi, saa kumi na mbili na dakika kumi na nane asubuhi, Namba Mbili ikizama.